Saa Saba za Kusubiri Si Kinga

Mtu akitangaza kwenye ukoo kwamba anasafiri kwenda Ulaya au Marekani, nasaha humfikia kabla ya viza. Shangazi atasema beba dawa ya malaria. Binamu aliyewahi kuishi Leicester atasema beba koti zito. Na wote kwa sauti moja watasema: usikubali kuunganisha ndege kwa saa moja au mbili, tafuta yenye saa sita, saba, hata usiku kucha, usije ukaachwa. Wakala wa tiketi akiulizwa, naye anaafiki. Ushauri huu umerudiwa mno hadi umekuwa kama sheria: saa chache ni hatari, saa nyingi ni usalama.

Sikubaliani nao. Saa zina maana yake, na nitakuja kwenye mahali ambapo ukoo una haki kabisa. Lakini ushauri huu unapima kisichostahili kupimwa kwanza. Anayeachwa na ndege Addis Ababa au Doha haumii kwa sababu ya dakika alizokosa. Anaumia, au anapona, kutokana na alichokinunua: je, safari nzima imo kwenye tiketi moja, au ni tiketi mbili zilizopangwa zifuatane tu? Jambo hilo lisipojulikana, kuhesabu saa ni kujifariji.

Tuzitazame hizo saa zenyewe. Kila uwanja mkubwa wa ndege una kiwango cha chini cha muda wa kuunganisha, kilichoingizwa kwenye mifumo ya kuuzia tiketi. Vienna, kwa baadhi ya safari, ni dakika 25. Frankfurt ni 45. Mfumo haukubali kuziunga ndege mbili kwenye tiketi moja chini ya hapo, hata wakala aupigie magoti. Kwa hiyo ukiuziwa dakika 70 Addis Ababa, ujue kuna watu waliokwisha kupima umbali wa mageti, foleni ya ukaguzi na mwendo wa mikokoteni ya mizigo, wakaona inawezekana. Hawakufanya hivyo kwa kukupenda. Walifanya hivyo kwa sababu hesabu ikienda kombo, wanaogharimika ni wao.

Mashirika yanayotegemea uwanja mmoja, kama Ethiopian pale Bole, Addis Ababa, Qatar Airways pale Doha na Emirates pale Dubai, hujiendesha kwa mawimbi. Ndege nyingi hutua kwa kufuatana, abiria wakapishana kwenye korido, kisha nyingine nyingi zikaondoka kwa kufuatana. Muda mfupi kati ya kutua na kuondoka si uzembe wa mpangaji, ndiyo biashara yenyewe. Ndege iliyotoka Dar es Salaam ikichelewa, haikucheleweshi wewe peke yako. Imebeba makumi ya watu wanaoelekea London, Guangzhou na Washington, na shirika linawajua kwa majina kabla hamjatua. Wakati mwingine ndege ya pili husubiri kidogo. Mara nyingi zaidi mfumo hukuhamishia ndege nyingine ungali angani, na ukishuka unakuta kadi mpya ya kupandia ndege ikikungoja kwenye dirisha la shirika au ndani ya simu yako. Wale unaowaona wakikimbia viatu mkononi kuelekea geti la zamani huenda wanaifukuza ndege ambayo jina lao halimo tena. Kabla ya kukimbia, uliza.

Ni kweli pia kwamba dakika 60 za kwenye tiketi si 60. Saa ya kuwasili iliyoandikwa ni ya ndege kusimama kwenye maegesho yake, si ya wewe kutoka mlangoni. Ukikaa viti vya nyuma, au ndege ikiegeshwa mbali mkabebwa na basi, robo saa imekwenda. Saa ya kuondoka nayo ni ya ndege kuanza kusogea, na geti hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya hapo. Zinabaki thelathini au pungufu. Kwa kijana mwenye begi la mkononi, ndani ya jengo moja, zinatosha. Kwa mama mwenye watoto watatu hazitoshi. Ila zisipotosha, mwenye tiketi moja ana mtu wa kumdai.

Na kudai huko kuna historia. Abiria mmoja, ambaye kumbukumbu za mahakama zinamtaja kwa jina la Folkerts, alikata tiketi kupitia Air France kutoka Bremen nchini Ujerumani hadi Asunción, Paraguay, akipita Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka kwa karibu saa mbili na nusu. Akaikosa ya São Paulo, akaikosa na ya Asunción, akafika saa 11 baada ya wakati. Swali lililofika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya lilikuwa jepesi kulisema, zito kulijibu: ucheleweshaji unapimwa wapi, pale safari ilipoanzia au pale ilipoishia? Tarehe 26 Februari 2013 majaji walijibu kwamba unapimwa kwenye kituo cha mwisho, na abiria akifika saa tatu au zaidi baada ya wakati, anastahili fidia. Kwa safari ndefu kama ile, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inataja euro 600. Shirika hukwepa tu likithibitisha kwamba chanzo kilikuwa jambo la dharura lisilo ndani ya uwezo wake.

Miaka mitano baadaye, tarehe 31 Mei 2018, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya abiria wa Royal Air Maroc aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca. Tatizo lilimkuta Casablanca, nje kabisa ya Ulaya: kiti chake kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Majaji wakasema safari iliyouzwa kwa pamoja ni safari moja, hata ikiwa ndege inabadilishwa nje ya Umoja huo. Uamuzi huo unawagusa watu wetu moja kwa moja. Anayerudi Dar es Salaam kutoka Frankfurt kupitia Doha kwa tiketi moja amefunikwa na kanuni hiyo hadi anatua nyumbani, ndege iwe ya shirika la Ulaya au la. Wakati wa kwenda, kwa shirika lisilo la Ulaya, kanuni hiyo haimfuniki. Anabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo, unaolitwisha shirika hasara inayotokana na kuchelewa isipokuwa lioneshe kwamba lilifanya yote yaliyowezekana kuizuia. Nimewaona watu wakirudi na hadithi ndefu ya kulala uwanjani, wakaisimulia harusini na msibani, na wasiandike hata barua moja ya madai.

Sasa mchukue aliyeutii ukoo. Ameona tiketi ya Mwanza hadi Dar kwa bei nzuri, kainunua. Ameona nyingine ya Dar hadi Manchester kupitia Ghuba, ya shirika jingine, kainunua. Katikati kaweka saa saba, na roho yake imetulia. Machoni pa shirika la pili mtu huyu hatoki Mwanza. Anatoka Dar es Salaam, na hata angekuwa anatoka Tandika ni mamoja. Dereva wa daladala la Mbagala hana habari kwamba ulicheleweshwa na lile la Mwenge, wala hana sababu ya kuwa nayo. Ndege ya Mwanza iliyokuwa iondoke saa 4 asubuhi ikiondoka saa 11 jioni, zile saa saba zimekwisha zote, na kaunta ya safari ya kimataifa inafungwa yeye akiwa bado angani. Anaandikwa kwamba hakutokea. Kinachouma zaidi, ambacho wakala hakukitaja, ni kwamba asiyetokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi kwa kawaida hufutiwa vipande vyote vilivyobaki, pamoja na vya kurudi. Amepoteza safari ya Manchester na ya kutoka Manchester kwa mpigo mmoja.

Hata siku ambayo mambo yameenda sawa, saa zake saba hazikuwa saba. Begi lake lilikatiwa lebo ya kuishia Dar, kwa hiyo anashuka, anangoja mzigo, anatoka nje, anapanda gari kutoka jengo la safari za ndani hadi Jengo la Tatu lililofunguliwa 2019 kwa safari za kimataifa, anakaguliwa upya, anapanga foleni upya. Mwenzake aliyekuwa na tiketi moja hakupungukiwa na saa hizo kwa bahati mbaya. Hakuzihitaji.

Kutofautiana kwa mashirika, hapa, si hoja. Mashirika mawili yenye makubaliano ya kupokezana abiria yanaweza kuuza tiketi moja, na begi likapewa lebo hadi mwisho. Kwa upande mwingine, shirika moja linaweza kukuuzia tiketi mbili tofauti na likakataa kuzitambua kama safari moja. Rangi ya ndege haikuambii kitu. Lebo ya begi inakuambia: ikiandikwa MAN tangu kaunta ya kwanza, kuna aliyekubali kukufikisha Manchester.

Watetezi wa saa nyingi watasema basi aongeze, aweke 12. Wacha tuone. Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilipata mvua ambayo Falme za Kiarabu hazikuwahi kuiandika tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949, na maji yakafunika njia za ndege. Tarehe 21 Machi 2025 moto kwenye kituo cha umeme uliifunga Heathrow karibu siku nzima. Tarehe 23 Juni mwaka huo huo Qatar ilifunga anga lake kwa saa kadhaa, jioni ambayo makombora ya Iran yalielekezwa kwenye kambi ya kijeshi ya Al Udeid, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa kwenda nchi nyingine. Siku kama hizo aliyepanga saa moja na aliyepanga saa tisa hulala sakafu moja. Wanaachana asubuhi: mmoja yumo kwenye orodha ya wale ambao shirika linapaswa kuwafikisha, foleni iwe ndefu namna gani, na mwingine ana tiketi ya ndege ya shirika jingine ambayo iliondoka jana bila yeye. Saa nyingi humeza ucheleweshaji mdogo. Mdogo, hata hivyo, mwenye tiketi moja alikuwa amekwisha kukingwa nao.

Kusubiri kwenyewe kuna mitego yake, ambayo haisimuliwi kwa sababu inaaibisha. Watu husinzia. Geti hubadilishwa, na viwanja vingi vikubwa siku hizi havitangazi kila ndege kwa kipaza sauti, vinakutegemea usome ubao. Ndege ya saa 6:40 usiku iliyoandikwa tarehe 15 huondoka usiku ambao sisi bado tunauita wa tarehe 14.

Kisha kuna mahali ambapo hata saa 20 hazikusaidii, nalo ni dirisha la uhamiaji. Mwenye tiketi mbili kwa kawaida hulazimika kuufuata mzigo wake, na mzigo hutolewa upande wa pili wa uhamiaji, ndani ya nchi. Ili kuufikia lazima aruhusiwe kuingia nchi ambayo alitaka kuipita tu. Hapo saa nyingi zinageuka kuwa muda wa kutosha wa kubishana na afisa. Usiku mrefu nao una tatizo lile lile: ukitaka kulala hoteli iliyo nje ya uwanja, unavuka mpaka.

Pasipoti zetu hazitendewi sawa. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata asipotoka nje ya jengo. Mtanzania na Mkenya hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Uingereza ina orodha yake, na humo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani, ingawa mwenye viza halali ya nchi kama Marekani au Kanada anaweza kusamehewa. Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wasafiri wazoefu: ratiba ya Nairobi, Paris, Amsterdam, kisha Toronto. Kituo kimoja Ulaya kinaweza kumpitisha abiria kwenye eneo la kimataifa bila kuingia nchini. Vituo viwili haviwezi, kwa sababu safari ya kutoka Paris hadi Amsterdam ni safari ya ndani ya Schengen, na ili kuipanda lazima uwe umeingia Schengen. Asiye na viza hiyo huzuiwa Nairobi kwenye kaunta, akiwa na saa zake nane za kusubiri Amsterdam zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa.

Ukoo una haki Marekani. Huko, kwa kawaida, kila abiria anayetoka nje hupita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama anaendelea mbele. Anachukua begi lake, anapita forodha, analikabidhi upya, anakaguliwa upya. Anayekwenda Minneapolis kupitia New York asikubali saa moja na nusu, akiuziwa aombe kubadilishiwa. Ukoo una haki pia pale unapobadilisha uwanja wenyewe: Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia, na kati ya Heathrow na Gatwick kuna msongamano wa magari usiojali tiketi ya mtu. Na tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuwasajili wageni mpakani kwa picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Anayekwenda Hamburg kupitia Amsterdam anafanyiwa hayo Amsterdam, kabla ya ndege ya pili, kwa hiyo mara ya kwanza ajiongezee muda. Sababu hizi zote zinatajika kwa majina. Hakuna hata moja inayosema kwamba saa nyingi ni usalama kila mahali.

Kuna swali la pili ambalo ningependa ukoo uulize, na sijawahi kulisikia likiulizwa: nikiikosa hii, inayofuata ni lini? Kutoka Amsterdam kwenda Hamburg ndege ziko kadhaa kwa siku. Ukikosa ya asubuhi unakwenda na ya mchana, umepoteza chai na gazeti. Kutoka Amsterdam kurudi Kilimanjaro au Dar ndege ya KLM ni moja kwa siku. Ukiikosa hiyo, ni kesho. Kwa hiyo muda ule ule wa dakika 70 ni jambo dogo wakati wa kwenda na jambo kubwa wakati wa kurudi. Watu wetu hufanya kinyume. Wanakwenda kwa saa tisa za hofu, na wanarudi kwa kubana kwa sababu wamechoka na wanatamani kufika. Kama ni kubana, bana unapokwenda, ukirudi jiachie nafasi. Na kama kituo chako cha mwisho kinafikiwa na ndege tatu tu kwa wiki, ndege ya kufika huko ndiyo ambayo huruhusiwi kuikosa, na hapo hata mimi nitaomba saa nne.

Mizigo ndiyo hoja bora ya upande wa pili, kuliko ile ya kuachwa. Binadamu hukimbia, mkokoteni haukimbii, na kubadilisha ndege ndiko kunakochelewesha mabegi kuliko sababu nyingine yoyote. Anayeunganisha kwa dakika 50 huenda akafika yeye na begi likaja kesho yake. Hilo ni la kulijua na kulipangia: dawa, vyeti, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae begi la mkononi. Anayekwenda kuoa na suti imo kwenye begi kubwa, huyo namruhusu saa tano.

Na mzee? Wengi wanaotoa ushauri huu wanamfikiria mama anayekwenda kumwona mjukuu Oslo, hajui Kiingereza, magoti yanauma. Wanampa saa nane Doha wakidhani wanamhurumia. Saa nane kwenye kiti cha chuma, hajui choo kiko wapi, si huruma. Familia zilizokwisha kuijua njia hufanya jambo jingine: wakati wa kukata tiketi wanamwombea kiti cha magurudumu, walau saa 48 kabla ya safari. Mfanyakazi anampokea mlangoni mwa ndege ya kwanza, anampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha geti la pili. Mama anayejiweza kabisa kutembea hushangaa kusukumwa, wengine hukataa kwa aibu hadi waambiwe kwamba anayesukuma ndiye anayeijua njia. Kwa msaada huo saa mbili zinamtosha, na hapotei.

Najua kwa nini tiketi mbili zinauzika. Ni nafuu, na tofauti ya bei inaonekana siku ile ile, wakati hasara haionekani hadi siku ya mvua. Sisemi zisinunuliwe kamwe. Kijana mwenye begi moja na pesa ya akiba anaweza kulala Dar usiku mmoja kabla ya safari kubwa, na kulala huko ni kinga ya kweli kuliko saa saba za siku ile ile. Ninachodai ni kwamba anayeuziwa ajue anauziwa nini. Ukae kaunta, umuulize wakala kwa upole: "Kaka, nikiikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, nani ananifikisha?" Anayeuza tiketi moja atataja jina la shirika. Akikujibu, "Dada yangu, huwezi kuikosa, una saa saba," mwombe akupigie bei ya ile nyingine.